Mama, Mruhusu Yohana Atazame Nyuma

Mama yangu mpenzi,

Mwakeye mama. Ni mimi mwanao Nestori, yule mwenye mdomo, nakuandikia kutoka huku Kanada. Umeamkaje? Goti linasemaje, bado linakusumbua ukipandisha kwenda shambani, au ile dawa ya kuchua niliyotuma imelituliza? Na mvua je? Nasikia hapo Kitahana imeanza mapema na watu wameshapanda maharage. Sisi huku hatujambo. Tunapumua, tunakula, kazi tunafanya. Yohana ameota meno mengine na sasa anang'ata kila kitu, hata kidole cha baba yake anaona ni muhogo.

Barua hii ameibeba Mzee Hamadi, yule mwenye duka la vitenge Kasulu mjini. Alikuja kumwona binti yake aliyeolewa huku, akakaa kidogo, baridi ikamshinda, anarudi. Nimemwomba akifika Kasulu aipakie kwenye basi la Kibondo, Esta dada yangu ataifuata stendi. Esta, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole. Usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka shuleni. Na ukifika mahali nilipokutaja wewe mwenyewe, usipafiche.

Mama, utajiuliza mbona naandika wakati simu ipo. Simu nimeijaribu. Tatizo ni mimi. Nikisikia tu sauti yako naanza utani, wewe unacheka, Esta anacheka, bando linakwisha, na nililotaka kusema limebaki tumboni. Tena mlishanizoea. Niliwaambia huku mbwa wanavalishwa viatu, mkasema Nestori anatupiga kamba, na ile ilikuwa kweli tupu. Sasa hivi hata nikisema nyumba inaungua mtasema huyo anatuchekesha. Ila kwenye karatasi huwezi kunikatisha. Ndiyo maana nimekaa chini nikashika kalamu, mimi niliyeacha shule mwalimu akashukuru.

Jambo lenyewe ni kile kiti cha Yohana cha kwenye gari.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Huku mtoto hapakatwi kwenye gari. Asimpakate mama yake, asimpakate bibi yake, wala asibebwe mgongoni. Mtoto ana kiti chake, kinafungwa juu ya kiti cha gari, na yeye anafungwa mikanda mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, kama mzigo wa abiria asiyeaminika. Kiti lazima kiwe na kibandiko chenye alama ya jani, jani la nchi yao hii, bila hilo hakihesabiki. Tena kina tarehe ya kuisha kama dawa. Mimi nilipata kimoja kwa jirani, kizuri, chekundu, nikasema Mungu ni mwema. Mke wangu Furaha akakipindua chini akasoma, kumbe tarehe imepita. Nikamwambia kiti hakiozi, siyo samaki. Akasema kiende jalalani. Nikasema basi nikiuze. Akanitazama tu. Nikakipeleka jalalani mwenyewe, kichwani kwangu, tukanunua kipya.

Na baridi ikija, mtoto havai lile koti nene ndani ya mikanda. Koti limejaa hewa, unadhani umekaza kumbe mkanda umelegea. Unamfunga kwanza, ndipo unamfunika koti kwa juu kama blanketi. Hayo yote tuliyafuata bila kelele.

Lililoleta kelele ni moja tu, kwamba kiti cha mtoto mdogo kinatazama nyuma. Gari linakwenda mbele, Yohana anatazama tulikotoka. Sisi tunaona barabara, yeye anaona mgongo wa kiti na kile kioo cha nyuma.

Wewe ulimwona kwenye simu ya Esta. Nakumbuka neno kwa neno ulivyosema. "Mume wangu mmemfanya nini?" Maana tangu tumpe mtoto jina la marehemu baba, wewe umeshaolewa tena, sisi hatuna sauti. "Mbona mmemgeuza kama mbuzi anayepelekwa mnadani? Wazazi wako mbele, yeye anatazama ukuta. Amewakosea nini?"

Nikakujibu, "Mama, ndiyo sheria ya huku."

"Sheria ya kumpa mtoto kisogo? Na hiyo miguu mmeikunja kama ya chura, atakuja kutembea huyo?"

Mimi nikacheka. Ukaniambia nitoke kwenye simu, umpate mwenye akili. Nikampa Furaha.

Ukamwambia, "Binti yangu, mgeuze mtoto awaone wazazi wake."

Furaha akasema, "Ndiyo, mama."

"Maana ukiendelea kumpa mume wangu kisogo, na mimi nitakupa kisogo. Umesikia?"

Hapo mtandao ukakwama. Picha yako ikaganda umefumba jicho moja na mdomo uko wazi, na simu ikakata. Sasa mama, mimi nakujua. Najua ulisema huku unacheka na mkono uko kiunoni, na bila shaka Esta alikuwa amelala chini kwa kicheko. Ila Furaha hakukuona ukicheka. Alisikia maneno, akaona jicho moja limefumba.

Furaha unamjua kwa sauti na kwa picha, na ile mara moja nilipomleta nyumbani kabla shirika la wakimbizi halijamsafirisha huku. Unajua nilivyompata. Nilikuwa napeleka dagaa na mawese sokoni kule kambini Nyarugusu, yeye anauza chumvi na sabuni meza ya pembeni, kila nikimtania ananipandishia bei ya sabuni. Nikaoga sana mwaka ule. Lakini kuna kitu sijawahi kukwambia vizuri. Mama yake mzazi alibaki njiani walipokuwa wanakimbia kutoka Kongo. Hakufika Tanzania. Yeye amekulia kwa watu. Kwa hiyo wewe ukisema jambo, mimi nasikia mama ananitania. Yeye anasikia mama amesema.

Wiki ile ile akampeleka Yohana kliniki kupimwa uzito. Kifaransa chake cha Kongo kinamsaidia, akapata muuguzi anayekijua, akamwuliza habari ya kiti. Muuguzi akamwambia kwamba huku kila mkoa una sheria yake, na kwa sheria ya mkoa wetu, kwa uzito aliofika Yohana, tunaruhusiwa kumgeuza atazame mbele. Kwa hiyo mama ulikuwa umenishinda. Mimi niliyekwambia ndiyo sheria, hata sheria yenyewe niliijua nusu.

Ila muuguzi hakuishia hapo. Alimwambia kuruhusiwa ni kitu kimoja. Kiti chetu bado kinamtosha akitazama nyuma, na wanashauri abaki hivyo mpaka kiti chenyewe kisimtoshe tena kwa urefu au kwa uzito, maana mtoto mdogo kichwa chake ni kizito na mifupa ya shingo haijakomaa. Hayo Furaha aliyasikia. Lakini alikwenda kule akitafuta neno moja, na alilipata.

Akarudi nyumbani akasema, "Sheria inakubali. Na mama njo vile alisema. Geuza."

Nikageuza. Na nisikufiche, nilifurahi. Yohana alifurahi zaidi yetu. Akawa anatuona, ananyoosha kidole kwenye malori, anasema "gali, gali" hadi koo linakauka. Furaha akampiga video akakutumia, ukapiga vigelegele hadi simu ikatetemeka. Nikasema moyoni, kumbe wazungu wanajisumbua, mama yangu aliona mbali kutoka Kitahana.

Basi. Kazi yangu ya kiwandani ya kukata nyama ipo vilevile, ila Jumamosi nina biashara yangu. Furaha anakaanga sambusa, mimi nazungusha kwa watu wetu, Wakongo, Warundi, Wasomali, hata wazungu wawili wanaozila na sukari, usiniulize. Jumamosi moja mwezi uliopita tulikuwa wote watatu, ndoo ya sambusa iko katikati, tunakwenda taratibu kwenye mtaa wa nyumba za watu. Ghafla bata wa porini wakaingia barabarani. Huku bata ni wakubwa kama mbuzi mdogo, na wanavuka kwa maringo, hawaangalii mtu. Mbele yangu kulikuwa na gari, likasimama papo hapo. Na mimi nikakanyaga breki kwa mguu wote.

Hatukugonga kitu. Ndoo iliruka, sambusa zikajaa kwenye dashibodi. Furaha alitaja jina la Yesu. Mimi nikatazama kwenye kioo, nikaona kichwa cha Yohana kimeangukia kifuani, kikarudi nyuma, kikalala upande. Mikanda ilimshika mwili, lakini kichwa hakina mkanda, mama. Kilikwenda chenyewe.

Akanyamaza. Mume wako huyo, mwenye makelele kunishinda mimi, akanyamaza na macho yako wazi.

Halafu akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtu kama siku ile.

Tulimpeleka hospitali hivyo hivyo na harufu ya vitunguu. Daktari akamgusa shingo, akampa mwanga afuate kwa macho, akamvutavuta mikono. Akasema hana kitu, mwendo ulikuwa mdogo, tumshukuru Mungu. Akauliza kiti kilikuwa kinatazama wapi. Furaha akamwambia mbele. Daktari hakugomba. Alisema tu kwamba kikitazama nyuma, breki ikipigwa, mtoto anasukumwa ndani ya kiti, kiti kinampokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kikitazama mbele, mwili unashikwa na shingo inaachiwa kazi yote.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nimempakata Yohana, na ndipo likanijia lori. Mama, unalikumbuka lile lori la maharage?

Tulikuwa tunakwenda Kasulu kwenye harusi ya mjomba, barabara bado ya vumbi, mimi niko darasa la pili na Esta bado ananyonya. Tukapanda juu ya magunia. Wewe ulikwenda moja kwa moja mbele, pale pa kuegemea kebini ya dereva, ukamkuta mwanaume mnene amekaa na redio yake.

Ukamwambia, "Baba, sogea, hapo ni pa mwenye mtoto."

Akasema, "Mama, hapa nimewahi."

Ukamwambia, "Umewahi nini, umewahi kunyonyesha?"

Lori zima likacheka, yule baba akabeba redio yake akaenda kukaa katikati, akatazama mbele kama bwana shamba. Wewe ukageuka, ukaegemeza mgongo kwenye kebini, uso ukatazama tulikotoka. Ukamfungua Esta mgongoni ukamweka kifuani. Mimi nilitaka kukaa kule kwa yule baba nione barabara inavyokuja. Ukanivuta sikio. "Kaa huku, tazama huko nyuma. Dereva akisimama ghafla nani atakudaka, redio?"

Na dereva akasimama ghafla. Mbuzi, mama. Kule mbuzi, huku bata, mimi na wanyama wa barabarani tuna kesi. Yule baba aliruka kutoka kwenye magunia, mdomo wake ukapiga ukingo wa kebini juu ya kichwa chako, damu ikachuruzika kwenye kitenge chako. Wewe ulisukumwa tu kwenye bati, ukasema "eee," ukashika kichwa cha Esta. Esta, ni wewe huyo. Hukuamka hata. Uliendelea kulala na midomo inanyonya hewa.

Halafu ukavua kanga ukampa yule baba azuie damu, ukamsogeza na yeye akaegemea kebini pembeni yako, akatazama nyuma hadi Kasulu.

Sasa mama, nimefikiria sana, mimi ambaye huwa sifikirii mpaka nilipwe. Kiti cha Yohana kikitazama nyuma ni kile kile ulichofanya wewe. Kile kiti ndicho kifua chako. Hawa watu wamechukua plastiki na sponji wakajaribu kutengeneza mama aliyeegemea kebini. Hawakumpa mtoto kisogo. Wamemweka mahali ambapo kitu kikitokea, kuna wa kumdaka. Wewe hukufundishwa na kliniki, uliona watu wakiruka kwenye malori ukajua pa kukaa. Ingekuwa Yohana yuko na wewe kwenye lori lile, ungemgeuza atazame nyuma bila kuuliza mtu.

Ile miguu ya chura usihofu. Anaikunja mwenyewe, anakaa kama wewe unavyokaa ukipukuchua maharage mchana kutwa, na wewe bado unatembea, ukiacha hilo goti. Na huko nyuma haoni ukuta. Alikuwa anapungia magari mkono, na wazungu, ambao kusalimia kwao ni kwa shida, walikuwa wanampungia. Na sisi nyuso zetu atazichoka nyumbani, hasa yangu.

Tuliporudi kutoka hospitali nilikwenda kwenye gari kukigeuza kiti. Furaha akaja akasimama nyuma yangu. Nilipomaliza kufunga nikageuka, nikaona machozi yanatiririka.

Nikamwambia, "Si umemsikia daktari?"

Akasema, "Nimesikia. Mi najua daktari iko na haki. Hata mi naogopa ile kichwa ya mtoto. Lakini mi siwezi kuvunja neno ya mama. Niko na mama moja tu, na iko Kibondo."

Nikamwambia mama alikuwa anatania.

Akasema, "Wewe kila kitu unasema ni kutania."

Mama, hapo alinipata. Kweli kila kitu nasema ni utani.

Nikakifungua kiti nikakiingiza ndani. Sasa hivi kipo sebuleni, Yohana anakikalia akinywa uji. Kutazama mbele sitaki mimi, kutazama nyuma anaogopa yeye, kwa hiyo gari linatembea na sambusa peke yake. Mtoto tunampeleka kwa basi la mji, Furaha anambeba mgongoni na kile kitenge ulichotuma. Wazungu wanamtazama wanasema mzuri, mzuri. Lakini kituo kiko mbali, na baridi inayokuja, mama, siyo ile ya Kitahana ya kuwasha moto wa jioni. Ni baridi ya kukata masikio. Hatuwezi kumsimamisha mtoto kituoni. Furaha naye ameitwa kazini, usafi wa ofisi, na anayemlea mtoto anakaa upande mwingine wa mji. Siku si nyingi kiti kitarudi kwenye gari, na nataka kirudi kikiwa kinatazama kunakofaa, na mke wangu akiwa hajioni yatima mara ya pili.

Ninachokuomba siyo kikubwa. Mpigie Furaha. Usinipigie mimi, nitaharibu. Mwambie kwa mdomo wako Yohana akae atazame nyuma mpaka kiti kisimtoshe tena. Halafu umwambie kwamba hukumpa kisogo na hutampa. Hilo la pili ndilo zito, mama. La kiti ningeweza hata kulazimisha, mimi ndiye mwenye spana. La kisogo siwezi kulisema kwa niaba yako. Na usimcheke akilia. Akilia msubiri.

Na Mungu akijalia ukapata viza ukaja kututembelea, nitakuketisha nyuma pembeni ya mume wako, mtazamane uso kwa uso safari nzima, mimi na Furaha tuwe madereva wenu.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli wa Mabamba, mwambie pampu yake bado ninayo na bado sirudishi. Nisalimie shangazi muuza ndizi wa Kakonko, nasikia amenunua pikipiki, naomba wanaotembea kwa miguu wawe macho. Nisalimie shemeji yangu mume wa Esta kwa uvumilivu wake. Mzee wa kanisa jirani yetu mwambie nasali, asiulize wapi. Na kwenye kaburi la baba pale mgombani, ukipita kung'oa majani, mwambie jina lake huku linakimbia nyumba nzima bila suruali.

Kidole kimekufa ganzi, kalamu ni nzito kuliko kisu cha kiwandani. Ulale salama, mama, wewe na kuku wako.

Ni mimi mwanao wa pili,
Nestori

Esta, ukishamaliza kusoma, usimwulize mama anaonaje. Tafuta jina la Furaha, bonyeza, mpe simu, halafu wewe toka nje.